Kiti, Khanga na Maneno ya Shemeji

Jumamosi nilishuka kwenye bajaji pale Nyerere Square, hapa Dodoma, nikatembea mpaka Soko la Majengo bila fimbo. Nikanunua mlenda mkavu na kilo mbili za zabibu nisizozihitaji. Nilitaka tu watu wanione nimebeba kitu.

Niliyetaka hasa anione ni shemeji yangu. Miezi 14 iliyopita, kiharusi kikiwa hakijatimiza hata wiki tatu tangu kinipige, alisimama mlangoni akamwambia mume wangu, “Huyu sasa ni wa kukalishwa kivulini.” Mdomo wangu ulikuwa umepinda, sikuweza kumjibu. Masikio yalikuwa mazima.

Naandika haya kwa sababu dada mmoja wa Mpwapwa ameniuliza: baba yake amepooza upande mmoja, huu mwezi wa pili, je, atatembea tena? Dada yangu, sijamwona baba, siwezi kukuahidi. Ninayoyajua ni yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliacha dawa za presha kwa kuwa nilijisikia mzima. La pili ni letu sote nyumbani: tulipoteza wiki sita kwa kuchuliwa na kumtafuta aliyeniroga. Miezi ile ya mwanzo ndiyo ubongo hujifunza upesi zaidi, sehemu zilizo salama zikishika kazi ya ile iliyoharibika, na mimi nilikuwa nimelala mkekani nanukia mafuta ya karafuu.

Kijana wa mazoezi tiba alipokuja nilitegemea mashine. Akaomba kiti. Akakiegemeza ukutani, akaweka mto juu yake ili kiinuke, akanivuta nyayo nyuma kidogo ya magoti. “Mama, inama mpaka pua ipite vidole vya miguu, halafu inuka.” Nikainuka mara tatu, nikalia. Kukaa nako kuna kazi: unashuka polepole, hujibwagi kama gunia. Nilipofika mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, mto tukauondoa.

Baadaye nikawa nasimama nimeshika nondo za dirisha, nauhamishia uzito mguu wa kulia, ule mbovu, nahesabu hadi kumi. Mwanangu alikaa upande huohuo mbovu. Siku moja alinivuta kwa mkono nisianguke, bega likauma miezi. Tangu hapo nilifunga khanga kiunoni, akawa anashika khanga.

Fimbo hukaa mkono mzima, si ule mbovu. Nilibishana sana juu ya hili, nikashindwa. Ngazi: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza mbovu. Kandambili tupa. Mguu unaoburuta vidole unataka raba iliyofungwa.

Kwenye sakafu ya sementi nikajiona nimepona. Nikatoka uani peke yangu, kwenye ule mchanga wetu wa Dodoma, nikaanguka kifudifudi mbele ya kuku. Kwa hiyo mazoezi ya uani yalianza upya, na khanga kiunoni.

Sasa msiniambie hamna muda. Kuinuka kitini mara kumi hakufikii muda wa kupanga foleni ya maji. Mnampeleka mgonjwa kwenye maombi ya usiku kucha, sawa, mwombeeni, lakini asubuhi mpelekeni akapimwe presha, ameze dawa, ainuke kitini. Akipata kizunguzungu akae. Kikipita, ainuke tena. Nimesema kiti mara ngapi? Nitasema tena: kiti. Na mkome kumlisha mtu ambaye mkono wake mmoja ni mzima, mnamfundisha ulemavu.

Dada wa Mpwapwa, mtafutie baba mtaalamu amwone kwanza, kisha uniandikie ameinuka mara ngapi. Hata moja niandikie.

Zabibu nilizipeleka kwa shemeji. Nilibisha hodi kwa mkono wa kulia, unaotetemeka bado. Alikuwa anakula. “Karibu, shemeji,” akasema, akanivutia kiti. Nikamshukuru, nikasimama palepale mlangoni mpaka alipomaliza ugali wake.