Mwanangu, Nani Aliwaua Wazushi?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni kweli, kama wenzako wanavyodai, kwamba Kanisa letu Katoliki halikumwua mzushi hata mmoja, yaani mtu aliyeshikilia mafundisho yanayopingana na imani ya Kanisa, bali wote waliuawa na serikali. Kwa maandishi ya hukumu, ndivyo ilivyokuwa. Mahakama ya uchunguzi wa imani ilipomwona mtu hataki kuacha uzushi, au ameurudia baada ya kuukana, ilimkabidhi kwa watawala na kuwaomba wamwonee huruma. Lakini Mtaguso wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ulikuwa umekwisha kuamua kwamba mtawala asiyeondoa wazushi katika nchi yake atatengwa na Kanisa, na mwaka 1252 Papa Inosenti IV akaruhusu watuhumiwa wateswe ili wakiri. Ombi la huruma, basi, lilitolewa kwa mtu ambaye angeadhibiwa kama angelitii. Nalipenda Kanisa, lakini utetezi huo siukubali.

Nataka umjue Domenico Scandella, aliyeitwa Menocchio, msagaji wa nafaka katika kijiji cha Montereale, eneo la Friuli, kaskazini mwa Italia. Alijua kusoma, aliazima vitabu kwa majirani, na hakuweza kukaa kimya. Mwaka 1584 aliwaambia wachunguzi kwamba hapo mwanzo vitu vyote vilikuwa vurugu tupu, vikagandamana kama jibini inavyotokana na maziwa, humo wakatokea funza, na funza hao ndio malaika. Karani aliyaandika maneno yake kwa makini sana, hata leo tunamsikia mwanakijiji huyu akijieleza mbele ya watu wenye uwezo wa kumwua.

Alifungwa, akaomba msamaha, akaachiliwa baada ya takriban miaka miwili kwa sharti la kuvaa daima vazi lenye msalaba juu ya nguo zake. Miaka ikapita, akarudia maneno yale yale, akakamatwa tena mwaka 1599 na kuteswa. Mahakama ya Friuli ilipositasita kummaliza, zikaja barua za kardinali kutoka Roma kuihimiza isilegee, zikieleza wazi kwamba hayo ndiyo mapenzi ya Papa Klementi VIII. Menocchio akauawa, na barua hizo zimehifadhiwa. Wenzako wakirudia dai lao, waonyeshe barua hizo kwanza.

Mama yako