Makala Yako Imefutwa Wikipedia? Anza na Chanzo

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Arua, hapa Uganda, aliniandikia kwa uchungu. Alikuwa ameandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili kuhusu shule anayofundisha, na jua halijatua ikawa imefutwa. Akaniuliza kama mle ndani kuna watu wasioitakia Uganda mema. Mwalimu, hapana. Lakini uchungu wako naujua.

Mimi niliingia Wikipedia kwa ajili ya mwanariadha wetu John Akii-Bua. Askari polisi kutoka Lango, kaskazini mwa Uganda, akashinda mita 400 kuruka viunzi kule Munich tarehe 2 Septemba 1972 kwa sekunde 47.82! Hakuna binadamu aliyekuwa ameshuka chini ya sekunde 48 kabla yake, na Uganda haikuwa imewahi kupata dhahabu ya Olimpiki. Tena alipangiwa njia ya ndani kabisa, ambako kona ni kali kuliko kwingine. Niliandika hayo yote usiku, bando likielekea ukingoni. Asubuhi aya yangu haipo. Mhariri nisiyemjua ameiondoa na kuacha maneno mawili tu: hakuna chanzo. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu kipo kigezo cha kudai chanzo, yaani alama inayobandikwa kwenye makala kuomba chanzo. Angekiweka, akanipa muda.

Sikugombana naye. Nilifungua historia ya ukurasa, ambako kila toleo hubaki, nikaichukua aya yangu neno kwa neno. Nikatafuta magazeti na kumbukumbu za riadha, kila tarakimu nikaipa tanbihi yake, nikairudisha na kueleza kwenye ukurasa wa majadiliano. Ipo mpaka leo. Vijana wanaisoma, nami najivunia.

Kwa hiyo chanzo kwanza, sentensi baadaye. Na chanzo ni gazeti, kitabu au ripoti ya mtu asiye na maslahi. Tovuti ya shule yenyewe haitoshi kuonyesha kwamba shule inastahili makala. Kama ulinakili maneno ya tovuti hiyo, hapo umekamatwa kwa hakimiliki, na makala za namna hiyo hazicheleweshwi kufutwa. Ukiwa mwajiriwa wa shule, liseme wazi. Ukitafsiri kutoka Wikipedia ya Kiingereza, taja makala uliyoitafsiri kwenye muhtasari wa uhariri, yale maelezo mafupi unayoandika unapohifadhi, na usiiachie mashine kazi.

Ningekushauri uanze na Arua yenyewe. Imekuwa jiji tangu Julai 2020. Fungua ukurasa wake uone kama hilo limetajwa; kama halimo, uongeze, uweke chanzo. Mhariri mwenye historia ya kazi ndogo ndogo nzuri husikilizwa.

Na hili nawaambia wote. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Watoto hao watasoma nini kuhusu nchi yao? Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaandika. Sisi tunalalamika kwenye WhatsApp. Andikeni, ndugu zangu. Mkifutiwa, andikeni tena, na chanzo.

Mwalimu, makala yako iliyofutwa wewe huioni tena, ila wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia wenye uwezo wa kufuta na kurudisha kurasa, wanaiona. Mwandikie kwa adabu aliyeifuta, kwenye ukurasa wake wa majadiliano, umwombe akurudishie maandishi kwenye ukurasa wako wa mtumiaji uyatengeneze. Kama yalinakiliwa atakataa. Kama ni yako, mtajie vyanzo viwili vitatu ulivyopata.