Jibu: Ni kweli Wachina walizoa vikombe vyote vya mpira wa meza Doha?

Waalaykum salaam sheikh. Waambie wenzako wa baraza ya Jaws Corner hakuna aliyeshinda ubishi huo, maana Wachina walichukua vinne kati ya vitano. Mashindano ya dunia ya mpira wa meza, Doha, Mei 2025: wanaume wawili wawili kikombe kilikwenda Japani, kwa Hiroto Shinozuka na Shunsuke Togami. Vingine vyote China.

Wanawake mmoja mmoja, Sun Yingsha alimfunga Mchina mwenzake Wang Manyu seti 4-3, na hiyo ndiyo fainali ya kutafuta uitazame. Ya wanaume Wang Chuqin alimmaliza Hugo Calderano wa Brazil 4-1, haikuwa na kazi kubwa. Lakini huyo Mbrazil usimdharau! Nusu fainali alimtoa Liang Jingkun 4-3, na mwezi mmoja nyuma alikuwa keshabeba Kombe la Dunia kule Macao.

Ama huyo anayesema Wang Chuqin hafungiki, mkumbushe Olimpiki ya Paris 2024. Mpiga picha alimkanyagia kibao chake cha kuchezea kikavunjika, mara tu baada ya kutwaa dhahabu ya mchanganyiko (mwanamume na mwanamke) na Sun. Kesho yake akaingia na kibao cha akiba, Truls Möregårdh wa Sweden akamtoa 4-2. Mie sidhani ni kibao tu, Msweden yule alifika hadi fainali.

Ya Waafrika uliyouliza mwishoni, kama yupo aliyefika mbali: Quadri Aruna wa Nigeria alifika robo fainali ya dunia 2021.