Usitoke kituoni bila namba ya SD

Wiki iliyopita hakimu alimfunga kijana aliyekuwa akivunja maduka mtaani kwetu, hapa Jinja. Jioni yake mwenyekiti wa LC1, baraza letu la mtaa, akaitisha mkutano. Akashukuru polisi, akashukuru vijana wa doria, akamshukuru hata aliyeleta spika. Mimi niliyekwenda kituoni na mahakamani mpaka soli za viatu zikaisha nilikuwa nimekaa palepale mbele, jina langu halikutajwa. Sawa. Blogu hii ni yangu, nitajitaja mwenyewe.

Najua wengi mnaonisoma mna duka, kibanda cha kutuma pesa au vyumba viwili vitatu vya kupangisha, na mnachotaka ni kulala usingizi na kukuta mali iko. Basi nisikilizeni.

Duka langu liling'olewa bati la paa usiku. Wakachukua sukari, sigara, betri ya sola na simu za wateja zilizokuwa zinachajiwa. Simu ndizo zilizoniumiza zaidi, maana kulipopambazuka wenyewe walikuwa mlangoni wanataka niwalipe. Jirani mmoja, baba wa watoto kabisa, akaniambia, "Mama, tutajie tu unayemshuku, vijana watamaliza." Kumaliza kwao mnakujua. Kila mwaka ripoti ya uhalifu ya polisi hutaja mamia ya watu waliouawa na umati, na wengine kosa lao ni kufanana na mwizi. Nikakataa. Huyo jirani hajanisalimia vizuri mpaka leo.

Nikaenda kwa katibu wa ulinzi wa LC1, akaniandikia barua na kupiga muhuri, na muhuri nikaulipia. Tena wengine wakataka kesi imalizwe hapohapo kwa LC. Jamani! Mahakama za LC, kwa sheria ya 2006, ni za madeni, mipaka na magomvi ya majirani. Mtu akivunja duka usiku, hiyo ni kazi ya polisi na hakimu.

Kituoni, afande wa kaunta alichukua karatasi iliyochanika pembeni akaanza kuandika malalamiko yangu. Karatasi za namna hiyo huishia kufungia karanga. Nikamwambia, "Afande, naomba uandike kwenye kitabu, halafu unipe namba."

"Mama, wewe nenda nyumbani, tutakuja."

"Nitakwenda, afande. Nipe namba ya SD kwanza."

Akanitazama, akavuta lile daftari kubwa lenye jalada gumu, akapiga mstari kwa rula. SD ndicho kitabu cha kila siku cha kituo. Kila tukio lina namba yake na tarehe yake, na kesi ikifunguliwa rasmi inapata namba nyingine, ya CRB, daftari la kesi za jinai, na faili linakwenda kwa CID, wapelelezi. Nikasimama pale nikamtajia kila kitu mpaka betri: ina mkwaruzo wa msumari ubavuni, herufi mbili za jina langu. Akaandika huku anahema. Nikanakili namba kwenye daftari langu la madeni.

Kisha nikaambiwa gari halina mafuta. Nikasema mimi nimekuja na boda na nafasi ya mtu mmoja ipo. Afande akapanda. Mtaa mzima uliona.

Miezi iliyofuata sitaisimulia. Njoo kesho, faili liko kwa wakili wa serikali, hakimu ana semina, mnajua wenyewe.

Ila hili la operesheni lazima niliseme. Maduka yalipozidi kuvunjwa, watu wakapiga kelele polisi waje wazoe vijana. Wakaja jioni moja, msako ule wa "panda gari" wa enzi za wazee wetu, wakabeba kila aliyesimama karibu na meza ya puli. Mmoja alikuwa mtoto wa dada yangu, anatoka kiwandani na begi la chakula mkononi. Mwizi mwenyewe hakuwamo. Nikaenda kumtoa, nikaombwa pesa ya bondi, yaani dhamana ya polisi, nami nikamwonyesha afande tangazo lililobandikwa ukutani nyuma yake: bondi ya polisi ni bure. Katiba, kifungu cha 23, inasema mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Tena mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vile vipengele vya uzururaji vilivyotumika kuzoa watu kwa sababu tu wanaonekana kama wahuni. Mnaoshangilia panda gari, subirini siku atakapopandishwa wa kwenu.

Sasa betri. Fundi mmoja wa redio aliletewa, akaona zile herufi, akanipigia simu. Mahakamani kijana akasema mama huyu amekwaruza alama juzi tu ili amsingizie. CID akafungua SD: alama imeandikwa asubuhi ileile ya wizi, wakati betri haijulikani iliko. Yule kijana akainamisha kichwa. Sitaficha, nilisikia raha.

Kuna mama wa Tororo ameniandikia kwamba nyuma ya nyumba yake pamefunguliwa kilabu cha waragi, ile pombe kali, muziki mpaka alfajiri, vijana wanakojolea ukuta wake, na mwenyekiti ni mteja. Dada, andika. Tarehe, saa, nani alikuwepo. Peleka kwa LC1 kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri. Asipojibu, nenda polisi, pata namba. Kelele zina kanuni zake chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, nako peleka nakala. Waragi ya kienyeji nayo inataka leseni, na vile vifuko vidogo vya pombe kali vilipigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo ukiviona pale, andika pia. Afande wa kaunta akikuzungusha, muulizie OC, mkuu wa kituo, akishindwa muone DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, na akikudai pesa kuna kitengo cha polisi cha kuchunguza maafisa wao, PSU. Kokote uendako watakuuliza namba. Kwa hiyo pata namba.

Na ninyi majirani zangu, maana najua mnasoma kimyakimya. Watu watatu walimwona yule kijana juu ya paa langu. Walinisimulia vizuri mpaka rangi ya fulana. Siku ya ushahidi mmoja alikuwa na msiba, wa pili tumbo, wa tatu hakushika simu. Mnataka polisi wafanye kazi, na ninyi kazi yenu ya nusu saa mbele ya hakimu imewashinda. Mnamwogopa mama yake kijana? Mimi ndiye ninayenunua nyanya kwake kila siku, na ananiuzia.

Jana mwenyekiti kapita dukani, anataka kuazima daftari langu aone "mfumo" wangu, apeleke kwenye mkutano wa LC2, baraza la ngazi ya juu yetu. Nimemwambia daftari mpya zipo, kurasa 96, alipe achukue.