Agiza kabla rafu haijaonyesha mbao

Wewe uliyefungua duka juzi hapa Lamu, nianze na sukari, maana ndiyo iliyonitia aibu. Mwaka wangu wa kwanza mtaa wa Langoni nilikuwa naagiza kwa macho: nikiona limebaki gunia moja, ndipo napiga simu Mombasa. Gunia la kilo 50 kwangu ni la siku mbili, na mzigo hauji kwa siku mbili. Lori lipakiwe, lije hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, mzigo ushushwe, upande mashua, ushushwe tena gatini, kisha umsubiri punda. Wateja wakaenda kwa jirani kutafuta sukari, na walipofika huko wakachukua na majani ya chai na maziwa papo hapo. Wengine hawakurudi.

Ndipo nikanunua daftari. Kila bidhaa ina mambo mawili: kwa siku inatoka kiasi gani, na tangu nipige simu hadi kitu kiwe rafuni zinapita siku ngapi. Tangu simu, nasema, si tangu lori ling'oe nanga. Sukari yangu hutoka kilo 25 kwa siku na mzigo huchukua siku nne, yaani kilo 100, magunia mawili. Lakini hiyo ni hesabu ya mambo yakienda sawa. Katika siku mbaya, daftari lilionyesha mauzo ya kilo 35, na mzigo uliochelewa kuliko yote ulichukua siku saba. 35 mara 7 ni 245. Kwa hiyo yakibaki magunia matano naagiza, hata kama stoo inaonekana imejaa. Mwenye duka Mombasa atanicheka kwa akiba hiyo. Yeye hakuwa hapa Novemba 2023, mvua za El Niño zilipofurisha Mto Tana na barabara ya Garsen, wanakopitia malori yetu, ikakatika.

Daftari nalo hudanganya usipolichunga. Siku ambayo sukari haikuwepo nilikuwa naandika sifuri, nikaichanganya kwenye wastani, kumbe watu walikuja wakaikosa. Siku hizo ziruke. Na kabla hujaagiza, jumlisha na mzigo ulio njiani. Mimi niliwahi kuagiza mchele mara mbili kwa kusahau uliokuwa Mokowe tayari. Fukusi wakala karamu.

Sasa, uagize kiasi gani? Hapa ndipo wageni wengi huponzwa na bei ya jumla. Kila safari ina gharama zisizojali sana wingi wa mzigo: simu, kufuatilia, siku nzima ya kijana wako gatini. Hizo zinakuvuta uagize mengi. Mtaji uliolala, joto, panya na unyevu wa bahari vinakuvuta uagize machache. Mhandisi mmoja wa Marekani, Ford Harris, aliliwekea jambo hili fomula mwaka 1913, na ndani yake mna kipeuo cha pili. Sikulazimishi uikokotoe. Chukua hili tu: gharama zikiwa zile zile, mauzo yakiongezeka mara nne, agizo linalofaa huongezeka mara mbili, si mara nne. Yaani biashara ikichangamka, usikimbilie kujaza stoo. Agiza zaidi kidogo, na uagize mara nyingi zaidi.

Viungo na kiberiti wala usivihangaikie. Nunua vya mwezi mzima, vinakaa.

Tende ni habari nyingine. Ramadhani moja mauzo ya wiki ya kwanza yalinilevya, nikaagiza katoni 20 nyingine. Zikafika siku tatu kabla ya Idi. Baada ya Idi nani anataka tende? Zilinibakia katoni 14, nikaziuza chini ya bei niliyonunulia, nyingine nikagawa madrasa. Wastani wa daftari haukunisaidia, kwa kuwa ulikuwa haujui kalenda. Siku hizi agizo la mwisho la tende nalitoa kumi la mwanzo la Ramadhani, tena dogo, na mteja akizikosa siku ya 28 namwomba radhi.