Kabla ya kuongeza dawa ya presha, uliza uzito mkavu wa mzee ulipimwa lini

Usikubali mzee aongezewe kidonge kingine cha presha kabla hujajua ile namba ya kilo 68, yaani uzito mkavu anaopaswa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa, iliandikwa lini na katika hali gani. Umeeleza kwamba baba yako anasafishwa damu Jumatatu na Alhamisi, kwamba kila mara hushuka kitandani akiwa na kilo 68 kamili kama faili linavyotaka, kwamba tangu alipolazwa kwa homa ya mapafu hali chakula cha maana, na kwamba sasa presha imepanda, anakohoa usiku na analalia mito miwili ili apate pumzi. Ukauliza pia kuhusu matunda, kuhusu mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa ajili ya kusafishwa damu, na kama safari ya basi hadi Lamu itamdhuru. Nimeyasoma yote, lakini macho yangu yamekwama kwenye ile mito miwili, kwa sababu mimi nilifika mitatu. Na huyo aliyekujibu hapo juu kwamba maadamu mzee amefika kilo zake basi hana maji, amekupa maneno yaleyale yaliyonipeleka chumba cha wagonjwa mahututi.

Nilipoanza kusafishwa damu hapa Mombasa, daktari alinipangia uzito mkavu wa kilo 74. Siku ile namba ilikuwa sahihi. Miezi mitano baadaye nilishikwa na ugonjwa wa kuharisha ulionikalia wiki mbili, hamu ya kula ikakatika, na nyama ikanitoka mapajani na mabegani bila mimi kutambua, kwa kuwa mizani iliendelea kusoma 74. Mizani haibagui nyama na maji. Kila kilo ya nyama iliyoondoka ilijazwa na lita moja ya maji, mashine ikasimamishwa palepale kwenye 74, nesi akaandika kwamba nimefikia lengo, nami nikarudi nyumbani nikijisifu kwa nidhamu yangu ya kunywa kidogo.

Mke wangu ndiye aliyeona. Alisema shingo ya kanzu inanipwaya ilhali uso asubuhi umeumuka kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. Nilimjibu kwamba kanzu imelegea kwa kufuliwa mno, jibu ambalo hadi leo hunirudishia kila anapopiga pasi.

Presha ikapanda kutoka 130 hadi 170 na zaidi, nikaongezewa kidonge cha tatu. Msimamizi wa zamu nilimuuliza mara tatu, kwa hesabu yangu, kama namba ile haifai kutazamwa upya, na mara zote tatu alinionyesha faili kwa kidole, kana kwamba faili ndilo linalopumua. Mara ya mwisho alinibonyeza kifundo cha mguu, akaona hakuna shimo linalobaki, akanihakikishia kwamba sina maji. Baadaye daktari bingwa wa figo alinieleza kwamba lita kadhaa zinaweza kujificha mwilini kabla mguu haujavimba, na kwamba mtu anayeshinda amelala maji yake huenda yakatuama kiunoni kwa nyuma, mahali ambapo hakuna aliyenitazama.

Usiku wa Jumapili, siku ya tatu tangu niliposafishwa damu Alhamisi, sikuweza kulala wala kuegemea. Nilikaa dirishani nikivuta hewa kama samaki aliyetupwa sitahani, nikikohoa povu lenye rangi ya waridi. Mapafu yalikuwa yamejaa maji. Siku nane za oksijeni, kitanda na kusafishwa damu kwa dharura zilikula kipande chetu cha shamba la minazi. Kisha wakaanza kunishusha taratibu, nusu kilo kwa nusu kilo, hadi 68.5. Kwa hiyo nilikuwa nikitembea na zaidi ya dumu la lita tano ndani yangu huku nikipongezwa kwa kufika uzito. Presha haikushuka siku ileile. Ilichukua wiki kadhaa, ndipo vidonge viwili kati ya vitatu vikaondolewa na daktari.

Watakuambia kwamba mzee hawezi kushushwa kwa sababu hubanwa na misuli mashine inapokaribia mwisho, kwa hiyo tayari ni mkavu. Huenda ni kweli, na huenda maji yanavutwa kwa kasi tu. Kipimo wanachokitumia wengi ni kutozidi mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Kwa mtu wa kilo 68 hiyo ni karibu mililita 880 kwa saa, au lita tatu na nusu hivi kwa saa nne. Akija na lita tano baada ya siku nne za kungoja, misuli itakaza hata kama mwili bado umejaa, na dawa yake ni kuongeza muda au siku, na kupunguza chumvi inayomtia kiu.

Kosa la upande wa pili nimelionja pia. Nilipoanza tena kula wali na samaki nilinenepa, 68.5 ikawa ndogo kwangu, nikawa nashuka kitandani na kizunguzungu na sauti iliyokauka, hadi wakanipandisha 70. Safari hii niliwahi kusema.

Alhamisi, kabla mzee hajaunganishwa na mashine, mwombe daktari mwenyewe, hata kama itabidi umngoje, ampime presha akiwa ameketi na akiwa amesimama, atazame mshipa wa shingo, asikilize mapafu, abonyeze kiunoni, na kama kuna altrasaundi ya mapafu au kifaa cha kupima maji ya mwili, kitumike. Mwambie waziwazi kwamba mzee alilazwa, kwamba hali chakula, na kwamba analalia mito miwili. Pumzi ikimbana kabla ya siku hiyo, usisubiri Alhamisi, mpeleke usiku huohuo. Kisha uandike hapa namba mpya waliyokupa, na kama ni 68 ileile, uandike walipima nini.