Mchwa ndani ya nyumba: usinunue dawa kabla hujajua ni mchwa gani

Dada wa Mikanjuni uliyeuliza, pole sana. Umeeleza kwamba fremu ya mlango wa chumbani imeliwa, kumbikumbi wametoka kwenye ufa wa ukuta baada ya mvua, na fundi anataka kupaka oili chafu kisha aweke fremu mpya. Nakuomba umsimamishe kwanza. Mimi nilifuata njia hiyo hiyo Ngamiani, kwenye nyumba aliyotuachia mama. Ilinigharimu miaka miwili, fremu mbili na kasha lake la khanga.

Kila nilipoona njia ya udongo imepanda ukutani niliikwangua, nikapuliza dawa ya mbu, wakafa wachache nikaridhika. Wiki haiishi, njia nyingine inapanda upande wa pili wa mlango. Sikujua kwamba wale ninaowaua ni vibarua tu. Malkia yuko chini ya ardhi, anataga maelfu ya mayai kwa siku, na dawa ya mbu haimfikii. Siku niliyonyanyua kasha la mama, kitako kilibaki sakafuni. Khanga za chini zilikuwa zimeshikana na udongo, zimetoboka toboka. Nililia.

Ndipo nikachimba nje, usawa wa bafu. Kiwanja kile zamani kilikuwa shamba la minazi. Waliojenga walikata minazi, wakafukia visiki na kumwaga kifusi juu yake. Bomba la bafu nalo lilikuwa likivuja taratibu, ardhi haikauki hata kiangazi. Kisiki kimoja nilipokipasua, mchwa walimwagika kama mchele. Chakula wanacho, maji wanayo, na kutoka hapo hadi fremu ya mlango si hata hatua tatu.

Kwa hiyo anza kwa kutazama anachokuachia mdudu, maana hapa watu wengi huchanganya. Ukiona udongo, iwe njia nyembamba ukutani au udongo uliojaa ndani ya mbao, huyo ni mchwa wa ardhini. Hawezi kuvumilia ukavu wala mwanga, ndiyo maana hujijengea njia iliyofunikwa. Usipoona udongo popote, ila chini ya kitanda au kabati kuna chembe ngumu, ndogo kuliko ufuta, ukizisugua vidoleni hazisagiki, huyo ni mchwa wa mbao kavu. Anaishi humo humo ndani ya mbao na haitaji ardhi kabisa. Chembe hizo ni kinyesi chake, na ukizitazama kwa kioo cha kukuzia zina pande sita. Ikiwa ni unga laini kama wa ngano unaotoka kwenye vitundu vidogo, hao ni bungua, si mchwa.

Na wale wenye mabawa? Kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu sawa, kiuno kinene na vipapasio vilivyonyooka. Sisimizi mwenye mabawa kiuno chake kimebanwa, vipapasio vimepinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Kumbikumbi aliyefuata taa kutoka nje asikutie hofu. Lakini hao wa kwako wametoka ndani ya ukuta, na hiyo ina maana kundi liko karibu sana na nyumba au chini yake. (Kama nyumbani mna kawaida ya kuwakaanga, hao waacheni, kwa kuwa huenda ukuta umeshapulizwa dawa.)

Dalili zako ni za mchwa wa ardhini. Kuhakikisha kama bado wanapita, bomoa kipande kidogo katikati ya njia, urudi baada ya siku mbili tatu. Ikiwa imezibwa, wapo. Isipozibwa usishangilie bado, huenda wamehamia njia nyingine. Gonga fremu zote kwa mpini wa bisibisi: palipoliwa hulia kama debe tupu.

Kilichonisaidia mimi ni kuziba bomba, kung'oa visiki, kisha kuchimba mtaro kuzunguka msingi, upana sentimita 15 na kina 30. Dawa iliyochanganywa na maji humwagwa lita 5 hivi kwa kila mita ya mtaro, na udongo unaorudishwa nao hulowanishwa. Ndani, kando ya ukuta ulioathirika, fundi alitoboa sakafu kila sentimita 30 akamimina dawa, akaziba kwa saruji. Ulizia dawa yenye fipronili au imidaklopridi. Mchwa haitambui, hupita juu yake na kuwapelekea wenzake. Dawa zinazowafukuza huwafanya watafute mlango mwingine tu. Lebo iwe na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, na vipimo vifuatwe. Wazee watakusifia dieldrini ya zamani. Hiyo imepigwa marufuku na mkataba wa kimataifa, Mkataba wa Stockholm wa 2001, kwa sababu haiozi, hukaa kwenye udongo na miili ya watu kwa miaka mingi. Kama una kisima uani, mwambie fundi kabla hajafungua chupa. Dawa hizi hazitakiwi kabisa karibu na maji ya kunywa. Oili chafu nayo itanuka, itachafua udongo, na kundi litabaki pale pale.

Kwa anayesoma akiwa na mchwa wa mbao kavu, mtaro wote huo ni kazi bure. Kipande kilichoharibika kikatwe na kuchomwa moto (isipokuwa mbao zilizotiwa dawa kiwandani, moshi wake ni sumu), kilichobaki kidungwe dawa kwa bomba la sindano kwenye vitundu, halafu pande zote zipakwe vanishi, hata zile zisizoonekana.

Fremu usibadilishe sasa. Ngoja mpaka upimaji wa njia uonyeshe kimya kwa miezi kadhaa, mvua za masika zikiwemo. Utakaponunua, tafuta kiini cha mkongo au mvule. Ile sehemu nyeupe ya pembeni ya gogo huliwa hata kwenye miti hiyo. Ukichukua paini iliyotiwa dawa, kila fundi anapokata ncha, ipakwe dawa upya kabla haijagusa ukuta.